Kifurushi Kilichokwenda kwa Jirani wa Namba

Na ichukuliwe kwamba shule moja ya sekondari nchini Tanzania, ambayo anwani yake ni S.L.P. 417, inasubiri kifurushi cha lenzi na prizimu kutoka Nairobi. Mtihani wa fizikia kwa vitendo umebakiza majuma matatu, na vifaa hivyo havipatikani mjini. Mtumaji anayo stakabadhi yenye namba ya kifurushi. Posta inapoulizwa, kumbukumbu zake zaonyesha kwamba kifurushi kilikwisha kuchukuliwa siku tisa zilizopita, na sahihi ya mpokeaji ipo. Hata hivyo, shuleni hakijafika kitu.

Mara nyingi mambo ya namna hii huanza kwa shutuma: mtumaji humlaumu karani wa posta, karani humlaumu mtumaji, na mkuu wa shule huwalaumu wote wawili. Shutuma hazirudishi kifurushi. Kinachokirudisha ni maswali yaliyopangwa vizuri, na namna ya kuyapanga ni sehemu ya hisabati ambayo mwanafunzi wa sekondari aweza kuifuata pasipo taabu kubwa.

Namba inayojikagua

Kifurushi kinachovuka mipaka ya nchi hupewa namba kwa kanuni ya Umoja wa Posta Duniani, chombo kilichoundwa mwaka 1874 mjini Bern, Uswisi. Namba hiyo huwa na herufi mbili zinazoonyesha aina ya huduma, tarakimu tisa, na herufi mbili za nchi kinakotoka, kama vile KE kwa Kenya na TZ kwa Tanzania. Tarakimu nane za kwanza ndizo zinazokitambulisha kifurushi. Ile ya tisa haileti habari mpya. Kazi yake ni kuzichunga zile nane.

Tarakimu hiyo ya uhakiki hupatikana hivi. Kila moja ya tarakimu nane huzidishwa kwa uzani wake, kwa mpangilio huu: 8, 6, 4, 2, 3, 5, 9, 7. Mazao yote hujumlishwa, jumla hugawanywa kwa 11, kisha baki hutolewa katika 11. Kwa mfano, tarakimu zikiwa 30517264, mazao ni 24, 0, 20, 2, 21, 10, 54 na 28, ambayo jumla yake ni 159. Namba 159 ikigawanywa kwa 11 hutoa 14 na baki 5. Kumi na moja kutoa 5 ni 6. Kwa hiyo namba kamili huandikwa 305172646.

Sasa karani akikosea kwa kubadilisha nafasi za 7 na 2, akaandika 305127646, jumla huwa 169, baki huwa 4, na tarakimu ya uhakiki ingepasa kuwa 7. Lakini iliyoandikwa ni 6. Mashine hukataa namba hiyo papo hapo, kabla kosa halijasafiri.

Sababu ya kutumia 11 ni kwamba 11 ni namba tasa. Tarakimu moja ikikosewa, jumla hubadilika kwa kiasi ambacho ni zao la namba mbili: uzani wa nafasi hiyo na tofauti kati ya tarakimu ya kweli na ya kosa. Zote mbili ni ndogo kuliko 11, na zao la namba za namna hiyo kamwe haligawanyiki kwa 11 bila baki. Kwa hiyo baki ya awali lazima ibadilike. Hali kadhalika tarakimu mbili zinapobadilishana nafasi: badiliko la jumla ni zao la tofauti ya uzani na tofauti ya tarakimu, nazo pia ni ndogo kuliko 11.

Hata hivyo, kanuni hii ina tundu dogo. Hesabu ikitoa 10, huandikwa 0. Ikitoa 11, huandikwa 5. Maana yake ni kwamba tarakimu 5 yaweza kutokana na baki 6 au na baki 0, na kosa linalohamisha baki kutoka moja kwenda nyingine hupita bila kuonekana. Mwalimu aweza kuwaachia wanafunzi wake kazi ya kutafuta mfano wa kosa hilo.

Kuigawa njia katikati

Kila kifurushi kinapotoka mkono mmoja kwenda mwingine, namba yake husomwa na kuandikwa: kinapopokelewa dirishani, kinapopangwa, mfuko unapofungwa na kutiwa lakiri, mfuko unapofunguliwa, kinapokaguliwa na forodha, na kadhalika hadi posta ya mwisho. Na ichukuliwe kwamba ziko sehemu 16 ambamo kosa laweza kuwa limetokea. Mtu asiye na utaratibu ataanza kuuliza sehemu ya kwanza, kisha ya pili, na huenda akafika ya 16 akiwa amechoka.

Njia bora ni kuuliza katikati. Je, kifurushi kilikuwa bado kwenye njia yake kilipomaliza sehemu ya nane? Kama ndivyo, sehemu nane za kwanza hazina kosa, na zilizosalia ni nane. Swali la pili hubakiza nne, la tatu mbili, na la nne huonyesha sehemu moja tu. Maswali manne yametosha, kwa kuwa 2 ikizidishwa yenyewe mara nne ni 16. Hata sehemu zingekuwa 1,000, maswali kumi yangetosha. Sharti ni moja: kifurushi kikishaacha njia yake kisiwe kimerudi chenyewe. Katika safari ya posta sharti hilo kwa kawaida hutimia.

Kwa kifurushi cha shule yetu ya mfano, majibu yote manne ni mazuri. Kifurushi kilifika posta ya mji uleule kilikotumwa. Basi kosa limetokea hatua chache kabla ya mwisho, kati ya meza ya karani na ukuta wenye masanduku.

Anwani isiyojikagua

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Namba ya kifurushi ina mlinzi wake, lakini namba ya sanduku la posta haina. Karani akiandika 471 badala ya 417 kwenye hati ya kumwita mpokeaji, hapana kinachogutuka, maana sanduku 471 lipo na lina mwenyewe. Kosa halikuzaa anwani ya uongo; limezaa anwani ya kweli ya mtu mwingine.

Mwaka 1950 mwanahisabati Richard Hamming, aliyefanya kazi katika maabara za Bell nchini Marekani, alieleza kanuni inayohusika. Ili kosa ligundulike, namba zinazotumika sharti ziachane. Kati ya namba moja halali na nyingine pawe na namba zisizo na mwenyewe, ili mtu akikosea hatua moja aangukie mahali patupu, si shambani kwa jirani. Masanduku ya posta yamepangwa kinyume cha hayo: 415, 416, 417, 418, bila nafasi hata moja katikati.

Lakini kwa sababu makosa ya watu yana desturi zake, jirani huyo aweza kutafutwa. Mwaka 1969 mwanahisabati wa Uholanzi, Jacobus Verhoeff, alichapisha uchunguzi wa makosa ambayo watu huyafanya wanapoandika namba. Karibu makosa 79 katika kila 100 yalikuwa ya tarakimu moja kuandikwa vibaya, na karibu 10 yalikuwa ya tarakimu mbili jirani kubadilishana nafasi.

Namba 417 ina majirani wangapi? Kwa kubadilishana nafasi ni wawili tu: 147 na 471. Kwa kukosea tarakimu moja ni 26, yaani nane katika nafasi ya kwanza, ambako sifuri haiandikwi, na tisa katika kila moja ya nafasi mbili nyingine. Kwa makadirio, sehemu 10 zikigawanywa kwa masanduku mawili, kila moja hupata 5. Sehemu 79 zikigawanywa kwa masanduku 26, kila moja hupata kama 3. Basi upekuzi uanze na 147 na 471, ingawa aina yao ya kosa ni adimu zaidi. Baadaye yafuate 411 na 477, kwa kuwa 1 na 7 hufanana katika mwandiko wa haraka, kisha 416 na 418, kwa kuwa mkono wa karani waweza kuitumbukiza hati katika tundu la pembeni. Masanduku sita tu, badala ya mji mzima.

Upekuzi huu si kazi ya mkuu wa shule kugonga milango ya watu. Ni kazi ya posta, ambayo huilinganisha sahihi iliyo kwenye hati na majina ya wenye masanduku hayo. La muhimu ni kwamba ombi litolewe mapema. Kanuni za kimataifa huruhusu maulizo ndani ya miezi sita tangu siku inayofuata ile ya kutuma.

Mashahidi zaidi ya mmoja

Somo linalobaki ni la mtumaji. Anwani yenye namba ya sanduku peke yake ina shahidi mmoja, na shahidi mmoja akikosea hapana wa kumsahihisha. Jina kamili la shule, namba ya sanduku, jina la mji, na postikodi, kwa mfano 80100 kwa Mombasa au zile za tarakimu tano zinazotumika Tanzania, ni mashahidi kadhaa. Wakipingana, karani mwangalifu husita, na kusita kwake ndiko kunakookoa kifurushi. Wanahisabati huliita jambo hili ziada. Asiyejua huiona kuwa wino uliopotea bure.

Ziada hiyo, hata hivyo, hufaa pale tu inaposomwa. Katika mfano wetu kifurushi kinaonekana siku ya kumi na moja katika stoo ya ofisi yenye S.L.P. 471. Hakijafunguliwa. Tarishi aliyekitilia sahihi alikuwa na hati tano mkononi, naye hakulitazama jina. Namba ya kifurushi, kwa upande wake, ni sahihi mpaka tarakimu ya mwisho.