Tiara ya Baharini Yataka Mwalimu

Hakuna mtoto wa pwani asiyeijua tiara. Vijiti, karatasi, gundi na uzi, naye yuko uwanjani akitazama juu. Uzi ukikatika, atatafuta mwingine. Lakini iko tiara nyingine siku hizi, ile ionekanayo Diani, Watamu na Mambrui, ambayo humvuta mtu mzima juu ya maji akiwa amesimama juu ya ubao. Hiyo ikikosewa, hasara yaweza kuwa roho.

Mchezo huu si wa kale. Ndugu wawili wa Kifaransa, Bruno na Dominique Legaignoux, walisajili mwaka 1984 tiara ya kujazwa hewa, iwezayo kuelea na kurushwa tena ikiangukia majini. Mwaka 2024 mchezo huu ulishindaniwa katika Olimpiki ya Paris, mashindano yake yakifanywa Marseille. Kwetu sisi umeletwa na pepo zetu wenyewe: kaskazi ya Desemba hadi Machi, na kusi ya katikati ya mwaka.

Na kaskazi, ndugu msomaji, ndiyo iletayo wageni. Vijana wa Kitui na Makueni hupanda gari la moshi Emali, Kibwezi au Mtito Andei, wakateremka Mombasa wakati wa likizo. Mto Athi, upitao kati ya kaunti zao hizo, humwaga maji yake kwetu kwa jina la Sabaki, kaskazini ya Malindi. Maji yale ni mamoja. Aliyeyazoea mtoni ndiye asiyeyajua baharini.

Na hata mtoni hayana dogo.  Ni juzi tu, mwaka 2021, basi lililochukua wanakwaya waendao harusini lilipojaribu kuvuka Mto Enziu, karibu na Mwingi, Kitui, mto ukiwa umefurika. Lilisombwa, na watu zaidi ya 30 wakafa, wakiwamo watoto. Hatuyasemi haya kuwalaumu marehemu. Twayasema kwa sababu nguvu ya maji haionekani kwa macho. Hujulikana kwa kufunzwa, au kwa msiba.

Mwalimu wa tiara ya baharini hufunza nini basi? Kwanza humweka mwanafunzi nchi kavu, na tiara ndogo, mpaka ajue kwamba mvuto mkali zaidi uko pale upepo uelekeapo. Pili humfunza kujifungua: mshiko una kifungulio cha dharura, na mkono sharti ukifikie bila ya kutafuta. Tatu humwingiza majini bila ya ubao, avutwe na tiara na kurudi ufukweni peke yake. Ubao huja mwisho. Mwenye haraka huanza na ubao.

Kisha kuna elimu ya upepo, ambayo wazee wetu wa majahazi waliijua kabla ya tiara hizi. Umande, yaani upepo utokao bara, humpeleka mtu kilindini. Upepo uvumao moja kwa moja pwani humbwaga mchangani au mwambani. Unaomfaa mwanafunzi ni ule upitao ubavuni mwa pwani ukielemea nchi kavu kidogo. Tena atazame maji: yakipwa, hasa wakati wa bamvua, miamba iliyofichika huwa wazi, na aangukaye huangukia juu yake.

Wako wasemao masomo ni ghali, na ni kweli. Wako na vijana wetu wa ufukweni, hodari wa kuogelea, ambao husaidia kupanga nyuzi za wageni kisha wakajaribu wenyewe jioni. Kuogelea ni ngao, lakini hakumfunzi mtu kuizuia tiara iliyoshika upepo. Kijana kama huyo na amwombe mwalimu amfunze kwa malipo ya kazi yake. Asijifunze kwa kuibia.

Wengine watasema ajali haina kinga. Lakini tumefundishwa kumfunga ngamia kwanza, kisha kutawakali. Basi mzazi ambaye mwanawe ataka kupanda tiara asimkataze bure. Amuulize mambo manne: nani anakufunza, upepo watoka wapi, maji yajaa au yapwa, na nani yuko ufukweni akikutazama? Akijibu yote, na aende. Akishindwa na moja, tiara ingoje kesho, kaskazi haijesha.