Siku ya Kubadilishana Vyombo Sericho

Kabla hujaendelea na ukurasa huu, ingia kwanza nyumbani mwako ukatazame. Tazama chini ya kitanda, nyuma ya mlango, na ndani ya lile sanduku ambalo ufunguo wake umepotea. Hesabu kila kitu ambacho hakikuguswa tangu masika ya mwaka jana. Mimi nilipofanya hesabu hiyo hapa Sericho nilipata vitu 17: viatu vya mtoto ambaye sasa mguu wake ni mkubwa kuliko wangu, sufuria mbili zisizo na vifuniko, kandili iliyostaafu tulipopata taa ya jua, mabeseni, vitabu vya shule vya mtaala wa zamani, na jembe lisilo na mpini. Mke wangu alihesabu baada yangu akapata 23, kwa sababu yeye alihesabu na vitu vyangu.

Basi, si mbali na nyumba yangu yuko mama anayepika chai na ugali katika sufuria moja, na baba anayetafuta mtu wa kumwazima jembe. Vitu hivyo vimekaa kwangu bila kazi, na wao hawajui. Nami sikujua kwamba wao wanavitafuta. Ndiyo maana ya siku ya kubadilishana: kila mtu alete asichokitumia, achukue anachokihitaji, na fedha isiingie kabisa.

Yatupasa sisi wa huku kufikiri jambo hili zaidi kuliko watu wa mjini. Kitu kinachonunuliwa Isiolo kikifika Sericho kimekwisha kuongezwa nauli ya lori. Tena, yaliyotupata mnayajua. Tangu Oktoba 2020 mpaka mwisho wa 2022 misimu mitano ya mvua ilifuatana bila mvua ya kutosha, na katika Kenya nzima mifugo zaidi ya milioni mbili ikafa. Mwisho wa 2023 mvua ya El Nino ikaja kwa kishindo, na maji yakawachukulia vyombo watu ambao hawakuwa wamebakiwa na kitu kingine. Mfugo huchukua miaka kurudi. Sufuria yaweza kurudi asubuhi moja, kama majirani watapanga vizuri.

Lakini kupanga vizuri ndiko kazi, na sisi mara ya kwanza tulikosea. Nitakueleza kosa letu ili lisiwe lako.

Tulitangaza kwamba vitu vya bure vitagawiwa watu maskini. Vitu vilikuja vingi kuliko tulivyotazamia, tukavipanga juu ya mikeka kama duka. Tukangoja. Saa nne walikuja watoto wakachezea kandili. Saa sita walikuja wazee wawili wakatazama, wakasalimu, wakaenda zao. Wale tuliowakusudia hasa hawakuonekana. Jioni akko mmoja jirani yangu, bibi ambaye ningempa vitu vyote 17 bila kufikiri, aliniambia, “Bwana karani, wewe ulitaka nivuke uwanja mchana, watu wote wakinitazama, nikaokote sufuria ya mtu. Nyumbani kwetu tulikuwa na ng'ombe.”

Sikulala vizuri usiku ule. Nilikuwa nimesahau jambo ambalo kila Mborana analijua. Desturi yetu ya busa gonofa humsaidia mtu aliyepotelewa na mifugo kupitia ukoo wake. Jambo lake hujadiliwa na wazee na mchango hutoka kwa wengi, kwa hiyo hana sababu ya kujiona ameomba. Kadhalika katika dabare mtu hukabidhiwa ng'ombe wa mwenzake akamtunza na kupata maziwa, na ng'ombe hubaki mali ya mwenyewe. Mpokeaji anayo kazi yake katika mapatano yale. Mimi niliwapangia watu mkeka wa vitu vya bure na sikuwapa kazi yoyote ila ya kuonekana maskini.

Mara ya pili neno “maskini” halikutajwa. Tulitangaza siku ya kubadilishana vyombo, watu wote, mwenye duka na mwenye mbuzi mmoja. Na tukaweka kadi.

Habari ya kadi si uvumbuzi wangu. Uingereza, wakati wa vita vikuu vya pili, serikali ilianza kugawa nguo kwa kipimo tarehe 1 Juni 1941, na kipimo hicho hakikuondolewa mpaka 1949. Watoto, lakini, hawakuacha kukua kwa sababu ya vita. Chama cha wanawake kilichoitwa Women's Voluntary Services kilifungua vituo ambamo mama alileta koti lililombana mtoto, likatazamwa hali yake, akapewa alama, na kwa alama zile akachagua koti kubwa zaidi lililoachwa na mtoto wa mwingine. Hakuna aliyejiona ombaomba, maana kila mama aliingia mlangoni na kitu mkononi. Siku hizi kuna watu wengine wanaopeana bila alama wala hesabu. Katika mji wa Tucson huko Marekani mtu mmoja, Deron Beal, alianzisha mwaka 2003 mpango wa Freecycle wa kupeana vitu bure kwa barua za kompyuta, ukaenea nchi nyingi. Mpango huo wafaa mahali ambapo anayetoa na anayepokea hawajuani. Sericho sote twajuana, mpaka na punda wetu. Kwa hiyo mimi nashika ile njia ya alama.

Fanya hivi. Kata vipande vya karatasi ngumu, vyote saizi moja na rangi moja, uvipige muhuri au utie sahihi. Usitumie punje za mahindi. Sisi tulianza kwa punje za mahindi, na baada ya nusu saa mtoto mmoja alikuja na mfuko mzima. Kitu kidogo, kama kikombe au sahani, kipewe kadi 1. Sufuria, viatu vizima, blanketi au jerikeni, kadi 2. Kitanda, godoro, baiskeli au cherehani, kadi 5. Watu watabishana. Mwenye sufuria kubwa atasema ya jirani ni ndogo. Waachie wazee watatu waamue, wanawake wawili na mwanamume mmoja, kwa sababu wanawake ndio wajuao vyombo, na neno lao liwe la mwisho.

Je, asiye na kitu cha kuleta? Huyu ndiye tuliyemkosa mara ya kwanza, basi mfikirie kuliko wote. Mpe kazi: kupanga meza, kuchota maji, kushona vifungo, kutia mipini majembe, kuziba sufuria iliyotoboka. Kwa kazi ya asubuhi mpe kadi 3, zile zile za rangi ile ile. Akifika mezani hakuna awezaye kujua kama kadi yake imetoka kwa godoro au kwa ufagio. Akko yule alishona vifungo vya mashati 11, akachukua sufuria yenye kifuniko. Aliichagua kwa muda mrefu sana, akazigonga zote kwa kidole, akaziacha zangu mbili.

Daftari liwepo mlangoni, na liandike jina la aliyeleta na kitu alicholeta, maana kitu cha wizi kikitokea lazima tujue kimetoka wapi. Walakini lisiandike nani amechukua nini. Karani mwenzangu alitaka kuandika yote mawili ili hesabu ilingane. Nilisomea ualimu na ninapenda hesabu kulingana, lakini hapa nilikataa.

Sasa habari ya wakati. Chagua wiki moja kabla ya shule kufunguliwa, kwa kuwa sare na viatu vya shule ndivyo vinavyotafutwa kuliko vyote. Usiweke Ijumaa. Tangazo lakini litolewe Ijumaa baada ya sala, kwa ruhusa ya imamu, na chifu apewe habari mapema. Usiite watu wakati mvua imenyesha na mifugo imetawanyika malishoni. Nusu ya nyumba zitakuwa zimehama. Mahali pazuri ni shule, kwa ruhusa ya mwalimu mkuu, kwani pana kivuli, meza, na chumba kimoja cha kuwekea nguo za wanawake, ambacho mlango wake utalindwa na mwanamke.

Asubuhi iwe ya kupokea tu. Mtu asichukue hata kijiko kabla ya saa nne, la sivyo wa kwanza kufika watachukua vizuri vyote na wanaotoka mbali wakute makombo. Kisha watu waingie kumi kumi kwa kura.

Viko vitu visivyopokelewa. Mifugo haimo, mbuzi ana soko lake. Dawa za binadamu hazimo, wala betri kuukuu za gari au za taa ya jua zinazovuja. Vitu vya marehemu visipokelewe mpaka mirathi igawanywe, maana yawezekana aliyevileta si mwenye haki peke yake. Na mume asipokelewe na vyombo vya jikoni bila mkewe kuwapo. Hili naliandika kwa sababu mzee mmoja alileta gorfa, chombo cha maziwa kilichosukwa kwa mkono, akapewa kadi zake, na robo saa baadaye mama mwenyewe akafika akitembea haraka. Chombo kile mama yake alimsukia alipoolewa. Tulikirudisha, naye mzee akarudisha kadi, na nilivyosikia chai ya jioni ile alijipikia mwenyewe.

Nimeacha la jerikeni mpaka sasa kwa sababu ni jambo la kazi yetu hasa, na ni la hatari.

Hakuna kitu kinachotafutwa Sericho kama jerikeni. Kijana mmoja alileta ya lita 5, imesuguliwa kwa mchanga hadi inang'aa, karatasi yake imebanduliwa. Mama mwenye mtoto mgongoni alikuwa ameishika tayari. Mimi niliona tu kwamba mahali karatasi ilipokuwa gundi bado ilikuwa imenata. Nikafungua kifuniko nikanusa, nikajua ile harufu: dawa ya kuogeshea mifugo, ya kuua kupe. Kijana aliapa kwamba ameiosha mara saba, nami namwamini. Mama naye alisema maji ya kunywa ataweka katika nyingine, hii iwe ya kufulia tu. Lakini sote twajua jerikeni ya kufulia huwa ya kunywa siku ile ambayo nyingine imetoboka.

Sikiliza vizuri. Dawa ya kupe huingia ndani ya plastiki yenyewe, nayo hutoka polepole katika maji au maziwa yatakayotiwa baadaye. Kuosha hakuiondoi yote. Chombo cha dawa ya kupe, ya wadudu wa shamba au ya magugu hakitatumika tena kwa maji, maziwa, mafuta wala nafaka, hata ukikiosha mara mia. Dawa inapokwisha, tia maji safi, funga, tikisa, na maji hayo uyamimine katika mchanganyiko ule ule wa kuogeshea. Fanya hivyo mara tatu. Kisha kitoboe chombo kwa msumari chini na ubavuni ili asitokee mtu wa kukitamani. Usikichome nyumbani, maana moshi wake ni sumu, wala usikizike karibu na kisima au mto. Kiweke mbali na watoto, uwaulize maafisa wa mifugo au wa kilimo mahali pa kukipeleka.

Pale pale nilikitoboa mbele ya watu. Kijana alikasirika, na haki alikuwa nayo, kwa sababu alikuwa amekwisha kupewa kadi 2. Hatukumnyang'anya. Tangu hapo mtu mmoja hukaa mlangoni kunusa kila jerikeni kabla kadi haijatolewa, na yenye shaka huhesabiwa kuwa mbaya. Zilizowahi kuwa na mafuta ya kupikia hazina neno; zioshwe kwa maji ya moto na sabuni.

Magodoro na blanketi yaanikwe juani siku nzima kabla ya kuletwa, na mishono ikaguliwe kwa kunguni. Nguo zije zimefuliwa.

Jioni vitabaki vitu. Kwetu vilibaki vitabu, kandili tatu, na viatu vya mguu wa kushoto viwili. Vitabu vya mtaala wa zamani tuliipa shule, maana ijapokuwa mtihani wa KCPE ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023, hadithi na hesabu zilizomo hazijaharibika. Kandili nilizirudisha nyumbani, na mke wangu ameziandika katika hesabu yake. Jembe langu lilipata mpini asubuhi ile ile, likaondoka na mtu ambaye sikumwona. Mwenye viatu vya kulia na aje ofisini siku yoyote ya kazi, kabla ya saa kumi.