Gitaa lililotoka kwenye meko ya zamani

Na Mwandishi Wetu

MWAKA 1963, katika kitongoji cha Feltham magharibi mwa London, kijana wa miaka 16 aitwaye Brian May alitaka gitaa la umeme. Madukani yalikuwepo ya Kimarekani, Fender na Gibson, lakini bei yake haikushikika kwa familia yao. Baba yake, Harold, alikuwa mchoraji wa mitambo ya elektroniki serikalini, mtu wa msumeno na risasi ya kulehemu, aliyekwisha kuunda hata televisheni ya nyumbani kwa mikono yake. Baba na mwana wakaamua kulitengeneza wenyewe.

Kazi ilichukua kama miaka miwili. Shingo ya gitaa ilitoka kwenye ubao wa meko ya zamani ya kuotea moto ambayo rafiki wa familia alikuwa anaitupa. Ubao huo ulikuwa na matundu ya bungua, nayo yakazibwa kwa njiti za kiberiti. Kiwiliwili kilitengenezwa kwa mbao za meza kuukuu. Alama nyeupe za shingoni zilikuwa vifungo vya lulu kutoka kisanduku cha ushonaji cha mama. Springi zinazorudisha nyuzi mahali pake zilitolewa kwenye injini ya pikipiki. Gharama yote ilikuwa kama pauni 8.

Gitaa hilo ndilo Brian May aliloenda nalo katika bendi ya Queen, na mwaka 2002 akalipiga juu ya paa la Kasri la Buckingham. Mwimbaji wa bendi hiyo, Freddie Mercury, ni mtoto wa Zanzibar. Alizaliwa Mji Mkongwe mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, na familia yake ilihamia Uingereza mwaka 1964, baada ya Mapinduzi. Walifikia wapi? Feltham hiyohiyo, mwendo mfupi kutoka nyumba ya akina May. Msomaji aliyewahi kubeba mabegi usiku na kuanza upya katika mji wa watu ataelewa kwa nini habari hii ilinigusa.

Mimi mwenyewe nilianza na gitaa la galoni, tukiwa kambini mkoani Kigoma. Galoni ya mafuta ya kupikia, kipande cha mti, na nyuzi zilizochambuliwa kutoka waya wa breki ya baiskeli. Lililia, lakini ukisimama hatua kumi husikii kitu. Sasa nimerudi nyumbani, na mwanangu wa pili ananidai gitaa la umeme. Bei ya dukani naijua, na mfuko wangu naujua pia.

Kwanza tuelewe linavyofanya kazi, kwani watu wengi hudhani umeme unapita ndani ya nyuzi. Haupiti. Chini ya nyuzi kuna sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba wa shaba, mwembamba kuliko unywele, mizunguko elfu kadhaa. Uzi wa chuma unapotikisika juu ya sumaku, umeme mdogo sana huzaliwa katika waya ule, ukaenda kwenye amplifaya ukakuzwa. Ndiyo maana uzi wa nailoni haufai hapa. Hauna chuma cha kuisumbua sumaku. Wanamuziki huita kifaa hicho pikapu, na ukikitaja gulioni utaonyeshwa gari.

Wakongo waliligundua hilo kwa njia yao. Mjini Kinshasa, Mingiedi Mawangu wa kundi la Konono No. 1 alipiga likembe, ala ya vyuma vya kudonoa kwa vidole. Makelele ya mji yalikuwa yakiifunika. Akatengeneza pikapu kwa sumaku za vipuri vya magari na waya wa shaba, akaiunganisha na amplifaya. Mlio ulitoka umekwaruza, nao wakaupenda hivyohivyo. Albamu yao ya Congotronics ya mwaka 2004 iliwapeleka Ulaya na Marekani. Mzee huyo alifariki mwaka 2015.

Hata Leo Fender, ambaye besi yake ya mwaka 1951 ilibadili muziki wa dunia, alikuwa fundi redio na hakujua kupiga gitaa.

Panapowashinda wengi ni kwenye shingo. Vile vyuma vidogo vinavyokatiza shingo, freti, havipangwi kwa macho. Pima urefu wa uzi kutoka kiegemeo cha juu hadi daraja, ugawanye kwa 17.817, jibu ndilo umbali wa freti ya kwanza. Urefu uliobaki ugawanye tena kwa 17.817, upate ya pili, na kuendelea hivyo. Kwa gitaa la milimita 648, freti ya kwanza inakaa milimita 36.4 kutoka juu. Kwa besi ya milimita 864 ni milimita 48.5. Ya kumi na mbili lazima iangukie katikati kabisa; isipoangukia hapo, rudi mwanzo. Ukikosea milimita moja, sikio litakusuta kila siku.

Mimi nilipatia hesabu nikakosea mbao. Nilinunua ubao mzuri kwa macho, kumbe mbichi. Nyuzi sita za chuma zikikazwa huvuta kwa nguvu ya zaidi ya kilo 40, na besi huvuta zaidi. Baada ya wiki tatu shingo yangu ilikuwa imepinda kama upinde wa mwindaji. Mwanangu hakusema neno. Alilitazama tu, akatoka nje. Mafundi wenye uzoefu hukausha mbao miezi mingi, kisha huweka fimbo ya chuma ndani ya shingo ili ipingane na nyuzi. Akina May nao waliiweka.

Kwa amplifaya, nunua iliyokwisha tengenezwa. Usifungue ya zamani kutafuta vipuri: kapasita zake huweza kubaki na umeme wa kuua hata plagi ikiwa imechomolewa.

Na wewe unayevusha bidhaa mpakani, sikiliza hili. Mpingo ni mti bora kwa uso wa shingo, kwa kuwa ni mgumu na hauliki upesi na nyuzi. Lakini tangu Januari 2017 jamii yote ya mti huo imo katika orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini. Magogo na mbao zake huhitaji kibali kuvuka mpaka. Ala ya muziki iliyokamilika ilisamehewa mwishoni mwa mwaka 2019. Kwa hiyo gitaa zima lenye uso wa mpingo halidaiwi kibali hicho, ila ubao wa kulitengenezea unadaiwa, na si ajabu ukauacha forodhani.

Nirudi kwa Harold May. Mwanawe alipoacha shahada ya udaktari wa unajimu akafuata muziki, mzee alikasirika sana, na kwa muda mrefu hawakuelewana. Gitaa walilolichonga pamoja ndilo lililomchukua kijana! Baadaye Brian alimpandisha ndege ya Concorde, ambayo mzee alishiriki kazi ya mitambo yake lakini hakuwa na uwezo wa kuipanda, akampeleka New York kumwona akipiga Madison Square Garden. Baada ya onyesho mzee alimpa mkono, akakiri kwamba sasa ameelewa. Shahada ile Brian aliimaliza mwaka 2007. Baba yake alikuwa amefariki tangu 1988.

Kwangu ubao wa pili, wa mvule, uko juu ya dari la jiko tangu masika. Mwanangu huupanda kila Jumapili, anaupima kwa futi kamba kama umepinda, kisha anaushukia bila kuniambia jibu.