Lugha ya Spana Kwenye Barabara ya Juba

Lori linalotoka Mombasa kwenda Juba hubadilisha upande wa barabara mpakani. Elegu, upande wa Uganda, magari hupita kushoto. Ukishaingia Nimule unapita kulia, utaratibu ambao Sudan iliufuata kuanzia mwaka 1973 na Sudan Kusini ikaurithi. Usukani, lakini, unabaki pale pale kulia, kwa hiyo dereva anayetaka kulipita gari jingine haoni kinachokuja mbele. Hapo ndipo taniboi anapopata heshima yake. Anachungulia dirisha la kushoto: "Bado, mkubwa. Bado. Haya, piga!" Mpaka wafike Nesitu, pale Juba inapokaribia, uhai wao wote wawili unategemea jicho la kijana huyo.

Taniboi wa Kenya ndiye utingo wa Tanzania na musaid wa Sudan. Kwa jina lolote, ni kijana aliyeingia kazini bila cheti, akajifunza gari kwa kulala chini yake. Wenzake ni wa kutoka Changamwe, Malaba, Gulu na Juba yenyewe. Kiswahili huwaunganisha, na katika vituo vya Sudan Kusini huchanganyika na Kiarabu cha Juba. Vijana wengi wa huko walikileta Kiswahili kutoka ukimbizini, hasa kambi ya Kakuma iliyofunguliwa mwaka 1992.

Waliosafiri njia hii zamani huisimulia kwa majigambo. Baada ya mkataba wa amani wa 2005, wafanyabiashara wa Uganda na Kenya walimiminika Juba, lakini kutoka Nimule ilikuwa vumbi, mashimo na hofu ya mabomu ya kutegwa ardhini yaliyoachwa na vita. Lami ya kilomita 192, iliyojengwa kwa fedha za Marekani, ilikamilika mwaka 2012. Kabla ya hapo gari likikuharibikia, fundi ni wewe.

Kila jambo lilikuwa na desturi yake. Gari likikwama, kazi ya kwanza si kufungua boneti. Taniboi huruka na gogo la kuzuia tairi, kisha hukata matawi na kuyapanga barabarani, mbele na nyuma, ili anayekuja ajue kuna mwenzake mashakani. Dereva anayeyaona matawi hupunguza mwendo na kuuliza, "Mnakosa nini?" Kumpita mwenzako bila kuuliza ni aibu itakayofika kituo kinachofuata kabla yako.

Kijana mpya hagusi spana. Huanza kwa kuosha vioo, kuchemsha chai na kuhesabu matairi. Baadaye huitwa chini ya gari kushika tochi, na hapo mtihani unaanza. Fundi hunyoosha mkono bila kugeuka na kusema, "Kumi na saba." Ukimpa kumi na tisa, unarudi kwenye chai. Ukipatia mara nyingi, siku moja utaambiwa, "Kaza wewe." Hiyo ndiyo sherehe ya kuhitimu, wala hakuna nyingine.

Kutoa upepo ni somo ambalo hakuna aliyelikwepa. Dizeli ikikauka tangini, hewa huingia kwenye mipira, na hata ukijaza tangi injini haiwaki. Unalegeza nati juu ya filta, unabonyeza pampu ya mkono, povu linatoka. Unaendelea mpaka dizeli ije safi, ndipo unakaza. Kisha unalegeza nati za nozo moja moja huku dereva anapiga stata. Tangi likivuja, unasugua kipande cha sabuni kwenye ufa, maana dizeli haiyeyushi sabuni. Kinacholegea hufungwa kwa ukanda wa mpira wa tyubu. Hata tairi lililochakaa lilikatwa likawa akala za miguuni.

Lugha ilizaliwa humo humo. Betri imelala. Injini imenoki. Gari linachemsha, linakohoa, linakula oili. Tairi ni kipara. Gia inaruka. Msikilize dereva anapofika kwa fundi: haelezi kifaa kilichoharibika, anaeleza gari linavyolalamika. "Likipanda mlima linakohoa, likishuka linatulia." Kwa sentensi hiyo fundi ameshaanza kuwazia filta ya mafuta kabla ya kushika kitu.

Marekani nako vijana walikuwa na maneno yao ya magari. Kuanzia miaka ya 1930, kusini mwa California, walinunua Ford za zamani kwa bei ya chini, wakang'oa madigadi, wakakata mapaa na kwenda kushindana kwenye maziwa yaliyokauka kama Muroc. Ford ya mwaka 1932 ilipendwa mpaka ikapewa jina lake la mtaani, na mwaka 1948 likaanzishwa jarida la magari hayo, Hot Rod. Wao walipunguza vitu ili gari likimbie, na maneno yao yakawa ya kujitapa kwa kasi. Sisi tuliongeza: jani la springi, tangi la pili, mbao za bodi, ili gari libebe na lifike. Maneno yetu yakawa ya kuuguza.

Sasa malori mengi mapya yanasomwa kwa mashine inayochomekwa chini ya dashibodi. Mashine inatoa namba, fundi anabadilisha kifaa. Sina ugomvi nayo. Hata hivyo, ikikosekana, kinachobaki ni sikio la mtu na maneno ya kusema alichosikia, na sikio hilo halifundishwi kwa mwezi mmoja.

Sudan Kusini iko ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2016, na Kiswahili ni lugha ya jumuiya hiyo. Wanaotunga vitabu vya ufundi wa magari wasiishie mezani na kamusi. Waende Nesitu, Malaba na Mariakani, wakae na mafundi, waandike wanachosikia. Kitabu kitakachomwita kijana wa gereji kwa maneno ya gereji, atakisoma.