HESABU YA UBAONI NA KOROSHO YA SHAMBANI

Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, akionya kwamba shule isimtenge mtoto na jamii yake. Sisi walimu hatuna budi kujiuliza: je, tumeutimiza wajibu huo?

Hapa Nambilanje, wilayani Ruangwa, mkulima hutegemea korosho, ufuta na mbaazi. Mwanawe hujifunza kilo na gramu ubaoni, akapata vyema. Lakini arudipo nyumbani aweza kumkuta mlanguzi, aliyekwepa ghala la ushirika, akipima korosho kwa kangomba: chombo kinachobeba zaidi ya kilo, na kumbe malipo ni ya kilo moja. Mtoto hutazama, akanyamaza, maana hakuna aliyemwambia kwamba hesabu ya ubaoni ndiyo hiyo.

Kosa si lake, ni letu. Mizani na iletwe darasani, korosho zipimwe, hasara ihesabiwe kwa shilingi. Mlanguzi akichukua kilo na robo kwa bei ya kilo, basi katika kila kilo 5, moja ameila bure.

Ndugu walimu, elimu isiyolinda jasho la mkulima ni pambo tu.