Maswali Matatu ya Mlinzi wa Mtandao

Makala haya yanakusudia kubainisha jinsi ya kuchagua itifaki ya kuwatambua wasimamizi wa ruta na swichi. Katika taasisi nyingi, wasimamizi wote hutumia jina moja na neno moja la siri. Siku mpangilio ukifutwa, hakuna awezaye kujulikana, na asiye na kosa hushukiwa pamoja na mkosaji.

Mlinzi mwema huuliza maswali matatu: Wewe ni nani? Umeruhusiwa kutenda nini? Umetenda nini? La kwanza ni uthibitishaji, la pili ni idhini, la tatu ni kumbukumbu.

Itifaki mbili ndizo zitumikazo zaidi. RADIUS ilibuniwa mwaka 1991 na kampuni ya Livingston Enterprises, kwa ajili ya watumiaji walioingia mtandaoni kwa njia ya simu. Huunganisha jibu la swali la kwanza na la pili: mtu akishakubaliwa mlangoni, seva haiulizwi tena juu ya kila amri. TACACS+, iliyobuniwa na Cisco, huyatenganisha maswali yote matatu. Kila amri yaweza kupelekwa kwa seva kabla ya kutekelezwa. Hivyo mwanagenzi huweza kutazama hali ya swichi bila kuruhusiwa kufuta chochote, na kila amri huandikwa pamoja na jina la mwenyewe.

Tena, RADIUS huficha neno la siri tu, ilhali TACACS+ hufunika kiini chote cha ujumbe. Hata hivyo, kufunika si kufunga. Zote mbili, katika umbo lao la awali, hutegemea MD5, mbinu iliyokwisha kudhoofika. Mwaka 2020, waraka RFC 8907 ulikiri upungufu huo wa TACACS+. Na mwaka 2024, watafiti walionyesha kwamba adui aliye kati ya kifaa na seva ya RADIUS aweza kugeuza jibu la kukataa kuwa la kukubali. Kwa hiyo, itifaki yoyote ipitishwe ndani ya TLS, au angalau katika mtandao wa usimamizi uliotengwa.

Kwa ufupi, RADIUS yafaa kupokea watumiaji wengi. TACACS+ yafaa pale mikono mingi inaposhika kifaa kimoja. Jina la dharura lihifadhiwe kwenye kifaa chenyewe, litumike seva isipopatikana tu.