Ngoma ya Kuvaa Ikikosea, Tuanzie Wapi?

Katika toleo hili tunawaletea jambo ambalo halimo katika silabasi ya idara yetu. Wanafunzi wetu walipokuwa wakijiandaa kwa mchezo wa kuigiza wa Kiswahili, walipewa ukumbi mdogo. Ngoma nne za Kiganda, yaani embuutu, empuunyi, nankasa na engalabi, zisingeenea jukwaani pamoja na waigizaji. Kwa hiyo wawili kati yao waliunda ngoma ya kuvaa: aproni iliyoshonewa vihisi vinne vya shinikizo, kila kimoja kikiamsha sauti ya ngoma moja iliyorekodiwa kwenye kompyuta. Mpigaji alijipiga mapajani na kifuani, nayo spika ikalia. Siku tatu kabla ya onyesho, ngoma ilianza kulia kabla hajaigusa.

Wazo lenyewe si geni. Mnamo 1986, msanii Laurie Anderson wa Marekani alionekana katika filamu yake Home of the Brave akiwa amevaa suti ya namna hiyo, akipiga ngoma kwa kujigonga mwilini. Lililotushinda sisi lilikuwa kutambua ugonjwa. Aliyeshona aproni alisema, "Imeharibika." Aliyeandika programu alisema, "Inasumbua tu." Maneno hayo hayamwonyeshi fundi pa kushika. Tuliwaomba waeleze ngoma inafanya nini hasa, ndipo yakajitokeza malalamiko manne tofauti, na kila moja lilikuwa na mahali pake.

Inavyofanya kazi

Kihisi cha shinikizo ni utando mwembamba wa plastiki ambao ukinzani wake wa umeme hupungua unapobonyezwa. Kikiwa huru, ukinzani huzidi megaomu moja. Kikibonyezwa kwa nguvu, hushuka hadi kiloomu chache au chini ya hapo. Bodi ndogo tuliyotumia, Arduino Uno, haipimi ukinzani bali volteji. Kwa sababu hiyo upande mmoja wa kihisi huunganishwa na volti 5, na upande wa pili huenda kwenye pini ya kupimia. Kutoka pini hiyo hiyo, rezista ya kiloomu 10 huteremka hadi upande hasi wa saketi. Kadiri mtu anavyobonyeza, ndivyo volteji inavyopanda, na bodi huisoma kama namba kati ya 0 na 1023.

"Inajipiga yenyewe"

Tazama namba bila kugusa chochote. Zikirukaruka ovyo, huenda rezista imeachia: pini imebaki bila pa kuegemea, nayo inaokota umeme wa mwilini na wa nyaya za ukutani. Zikiwa zimetulia lakini ziko juu, nguo inakibana kihisi au kimekunjika. Sisi tuligundua kwamba namba za paja zilipanda kila mpigaji alipokunja goti. Tulikibandika kihisi juu ya kipande kigumu cha plastiki, kikaacha kukunjika. Kisha programu ikaelekezwa kusoma hali ya utulivu kila inapowashwa, na kuweka kiwango cha kuamsha sauti juu kidogo ya hapo.

"Inapiga mara mbili"

Pigo moja halileti namba moja. Namba hupanda, hutikisika, kisha hushuka, na programu inaweza kuhesabu mtikisiko kuwa pigo jipya. Dawa yake ni kuiambia programu ipuuze kihisi hicho kwa milisekunde 30 hadi 50 baada ya pigo, na isikubali pigo jingine mpaka namba zishuke chini. Muda huo usirefushwe mno, la sivyo mapigo ya haraka yatamezwa.

"Inachelewa"

Hapa kosa lilikuwa letu sisi wachunguzi. Ili kuona namba, tuliagiza bodi iziandike kwenye kompyuta kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo, kila herufi huchukua takriban milisekunde 1. Namba nne katika mstari mmoja zilifikia milisekunde 20 hivi, na sikio la mpiga ngoma huanza kulalamika hapo. Tulipoondoa maandishi hayo, uchelewaji ulipungua. Uliobaki ulitoka kwenye programu ya sauti: ikikusanya sampuli 1024 kabla ya kuzitoa, kwa kasi ya sampuli 44,100 kwa sekunde, hiyo ni milisekunde 23 nyingine. Tulipunguza sampuli hadi 256.

"Iko kimya, au jirani yake ndiye anayeitika"

Kwa iliyo kimya, zima umeme, chomoa kihisi, ukipime kwa mita huku ukikibonyeza. Ukinzani usiposhuka, kihisi kimekufa. Aghalabu miguu yake imeunguzwa wakati wa kulehemu. Ukishuka, fuata waya. Waya wa uzi mmoja hukatika ndani kwa kukunjwakunjwa, ilhali ule wa nyuzi nyingi huvumilia. Ikiwa jirani ndiye anayeitika, kumbuka kwamba bodi ina kipimo kimoja kinachozunguka pini zote kwa zamu, na masalio ya pini iliyotangulia huweza kubaki. Soma kila pini mara mbili, uitupe namba ya kwanza. Pia, katika lugha ya MIDI, nguvu ya pigo huandikwa kwa namba 0 hadi 127. Basi ile ya 1023 igawanywe kwa 8, na pigo hafifu lisiachwe lifikie 0, kwani 0 maana yake ni kunyamaza.

Tulichojifunza

Utaratibu ni kufuata njia ya pigo lenyewe: kihisi, waya, namba, programu, sauti. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, uandike ulichobadilisha. Usiku wa kwanza tulibadilisha vitatu kwa pamoja, tukapoteza saa mbili bila kujua kipi kilituponza.

Vihisi vitatu vilipona. Cha nne kilikuwa kimeungua, na hatukuwa na kingine. Siku ya onyesho, engalabi halisi ilisimamishwa pembeni mwa jukwaa, kwa kuwa ni ndefu na nyembamba, ikapigwa kwa mikono kama ilivyozoea. Watazamaji hawakulalamika.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio kitamfichua. Nasi tunaongeza kwamba hata asiyeyaficha, akiyataja kwa neno lisilo lake, hatapata dawa. Wanafunzi wetu wa Kiswahili sasa wanalijua hilo, na mmoja wao amejifunza kulehemu.